Wasifu wa kazi: Mwanafunzi wa chuo kikuu aandike nini, aache nini

KATIKA steshenari nyingi zilizo jirani na malango ya vyuo vikuu nchini, kuna faili moja ambalo halifutwi kwenye kompyuta. Ni wasifu wa kazi, maarufu kama CV, wa mtu aliyehitimu miaka mingi iliyopita. Mwanafunzi mwenye haraka hufika, hulipa gharama ya kuchapa, jina la mwenye faili huondolewa na lake huwekwa. Baada ya nusu saa anaondoka na karatasi tatu mkononi, akiamini kuwa kazi imekwisha.

Matatizo huanza pale karatasi hizo zinapofika kwa mwajiri. Afisa rasilimali watu hukuta maombi kadhaa yenye sentensi zilezile, au hukuta mwombaji wa nafasi ya uhasibu akieleza kuwa shabaha yake maishani ni kufundisha sayansi. Hapo mwombaji huwekwa kando hata kabla matokeo yake ya masomo hayajatazamwa. Pengine alikuwa na uwezo wa kazi ile kuliko wote, lakini hakuna aliyepata nafasi ya kulijua hilo.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la ajira la leo, ambako nafasi moja inaweza kuombwa na mamia ya wahitimu, methali hiyo haitoshi kumfariji mtu. Mhitimu mwema asiyejieleza vizuri hubaki bila kuonekana. Makala haya yanaeleza namna mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni anavyoweza kuandika wasifu unaomweleza kwa ukweli na kumfikisha kwenye usaili.

Wasifu ni nini

Herufi CV zinatokana na maneno ya Kilatini, curriculum vitae, yaani mwendo wa maisha. Asili hiyo imewafanya baadhi ya watu kudhani kuwa wanatakiwa kusimulia maisha yao yote, kuanzia shule ya awali hadi majina ya wazazi na idadi ya ndugu. Katika maombi ya kazi, wasifu ni muhtasari wa sifa za mtu zinazohusiana na kazi anayoiomba. Shabaha yake ni kumwezesha msomaji kujibu swali moja: je, mtu huyu anastahili kuitwa kwenye usaili?

Wasifu pia hutofautiana na barua ya maombi. Barua hueleza kwa nini mwombaji anaitaka nafasi ile na kwa nini anaifaa. Wasifu hutoa ushahidi wa yale yaliyosemwa katika barua. Mwombaji anayerudia maneno yaleyale katika nyaraka hizo mbili hupoteza nafasi ya moja kati yake.

Tangazo lisomwe kwanza

Kabla ya kuandika chochote, mwombaji anapaswa kusoma tangazo la kazi zaidi ya mara moja akiwa na kalamu mkononi. Apigie mstari majukumu ya kazi, sifa zinazohitajika, nyaraka zinazotakiwa kuambatishwa na tarehe ya mwisho. Kisha ajiulize, kwa kila sifa, ni jambo gani katika masomo au shughuli zake linaloithibitisha. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayopaswa kujaza wasifu.

Hivyo basi, mtu hawezi kuwa na wasifu mmoja tu wa kupeleka kila mahali. Inafaa awe na waraka mrefu wa nyumbani, wenye kumbukumbu zake zote, halafu kwa kila tangazo achote yale yanayohusika. Mwanafunzi wa kilimo anayeomba kazi katika kampuni ya mbegu ataweka mbele utafiti wake wa shambani. Akiomba kazi ya masoko, ataweka mbele shughuli zilizomkutanisha na wakulima na wateja.

Sehemu zinazotakiwa

Wasifu wa mwanafunzi huanza na jina na mawasiliano. Jina liwe kama lilivyo kwenye vyeti. Namba ya simu iwe ile inayopatikana wakati wote, na barua pepe iwe yenye jina la mwombaji, siyo jina la utani alilojipa akiwa kidato cha pili. Anuani ya makazi inaweza kuishia kwenye wilaya na mkoa.

Baada ya hapo yafuate maelezo mafupi ya mistari mitatu au minne yanayosema mwombaji ni nani, anasoma nini na anaweza kufanya nini. Maneno kama “mchapakazi”, “mwenye kujituma” na “anayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu” hayamsaidii mtu, kwa sababu kila mwombaji huyaandika. Ni bora kuandika: “Mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya uhasibu, mwenye uzoefu wa wiki nane wa kulinganisha hesabu za benki, na mtunza hazina wa chama cha wanafunzi kwa mwaka mmoja.” Msomaji hapo ana jambo la kushika.

Sehemu ya elimu hufuata, ikianza na ngazi ya karibuni zaidi na kurudi nyuma: chuo kikuu, kidato cha sita au stashahada, kisha kidato cha nne. Kila ngazi ioneshe jina la shule au chuo, kozi na miaka. Mwanafunzi ambaye hajahitimu aandike wazi kuwa anatarajia kuhitimu mwaka fulani. Anaweza pia kutaja somo moja au mawili, au mada ya utafiti wake wa mwisho, ikiwa vinahusiana na kazi anayoomba.

Kisha ije sehemu ya uzoefu, ifuatwe na stadi, yaani lugha anazozimudu, programu za kompyuta anazozitumia na leseni alizonazo. Mwishoni yakae majina ya wadhamini. Kwa mwombaji mwenye uzoefu mwingi kuliko kawaida ya wanafunzi, sehemu ya uzoefu inaweza kutangulia elimu.

‘Sina uzoefu’

Hili ndilo neno linalosikika zaidi kwa wanafunzi wanapokaa kuandika wasifu, na mara nyingi si kweli. Wengi huhesabu kuwa uzoefu ni ajira yenye mkataba na mshahara peke yake. Wanasahau kazi walizozifanya bila kuziita kazi.

Mfano wa kwanza ni mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita “field”. Kozi nyingi za vyuo vikuu nchini huyadai. Hata hivyo, mwanafunzi huyataja kwa mstari mmoja: “Nilifanya mafunzo kwa vitendo katika halmashauri ya wilaya.” Sentensi hiyo inaeleza alikuwa wapi, haielezi alifanya nini. Mwanafunzi huyohuyo angeweza kuandika: “Mafunzo kwa vitendo, Idara ya Fedha, halmashauri ya wilaya, Julai hadi Septemba. Kupanga hati za malipo kwa tarehe. Kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila wiki. Kusaidia kuandaa vielelezo kwa ajili ya ukaguzi wa ndani.” Hakuna kilichoongezwa chumvi hapo. Yaliyofanyika ndiyo yaliyoandikwa.

Mfano wa pili ni biashara ndogo. Wako wanafunzi wanaojisomesha kwa kuwa mawakala wa huduma za fedha kwa simu, kuuza nguo za mitumba kwenye mabweni, kufundisha masomo ya ziada kwa watoto wa mtaani kwao au kusimamia duka la mzazi wakati wa likizo. Baadhi yao huona aibu kuyataja hayo katika waraka rasmi. Lakini aliyekuwa wakala wa fedha alitunza kumbukumbu za miamala, alilinganisha salio la simu na fedha taslimu kila jioni, na alibeba dhamana ya fedha ambazo hazikuwa zake. Mwajiri anayetafuta karani wa fedha atataka kuyajua hayo yote.

Mfano wa tatu ni uongozi na kujitolea: uwakilishi wa darasa, serikali ya wanafunzi, kwaya, madrasa, timu ya mpira, kikundi cha kuweka na kukopa, au kampeni ya usafi wa mazingira. Cheo peke yake hakitoshi. Aliyekuwa katibu aeleze kuwa aliandika kumbukumbu za vikao na kuandaa taarifa za kila muhula. Aliyekuwa mwakilishi wa darasa aeleze idadi ya wanafunzi aliowawakilisha na suala alilolifuatilia hadi likapatiwa ufumbuzi.

Kanuni katika mifano yote mitatu ni moja. Kila shughuli itaje mahali, kipindi, kilichofanywa na, pale inapowezekana, matokeo yake kwa idadi. Namba iwe ile ambayo mwombaji anaweza kuieleza mbele ya jopo la usaili bila kubabaika.

Alama ndogo na miaka iliyorukwa

Katika vyuo vikuu vingi nchini, wastani wa alama, yaani GPA, hupimwa hadi 5.0. Daraja la kwanza huanzia 4.4, daraja la pili la juu huanzia 3.5 na daraja la pili la chini huanzia 2.7. Mwenye alama nzuri aziandike. Mwenye alama za kawaida halazimiki kuzitaja katika wasifu iwapo tangazo halikuzitaka, kwa kuwa mwajiri ataziona kwenye nakala ya matokeo. Asichoruhusiwa ni kuzibadili.

Jambo linalowasumbua wengine ni mwaka uliopotea. Wapo walioahirisha masomo kwa kukosa ada, kwa kuugua au kwa kumuuguza mzazi. Hofu huwafanya baadhi yao kurekebisha miaka ili ionekane kuwa walisoma mfululizo. Hilo ni kosa, kwa sababu vyeti na matokeo ya chuo huonesha miaka halisi. Njia iliyo salama ni kuandika miaka kama ilivyo. Iwapo pengo ni kubwa, unaweza kuongezwa mstari mmoja: “Aliahirisha masomo kwa mwaka mmoja kwa sababu za kifamilia, katika kipindi hicho alisimamia duka la vifaa vya ujenzi.” Wajiri wengi wamepita katika maisha hayohayo na hawayashangai.

Njia ya mwongo ni fupi

Kuhusu uongo katika nyaraka za kazi, Tanzania ina historia ya karibu ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuijua. Aprili 28, 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Taarifa hiyo ilibainisha watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, na Rais aliagiza waondolewe kazini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokwisha kutumikia kwa miaka mingi, wenye familia, mikopo na nyumba zilizokuwa zikijengwa. Uhakiki ulihusu vyeti vya kidato cha nne, kidato cha sita na ualimu, ambavyo Baraza la Mitihani la Tanzania lina kumbukumbu zake.

Kughushi nyaraka ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya Sheria za Tanzania. Lakini hata uongo mdogo, ambao mtu anaweza kudhani hauna madhara, hugharimu. Anayeandika kuwa anajua Kifaransa “vizuri sana” anaweza kusalimiwa kwa Kifaransa katika usaili. Anayeandika kuwa anaimudu programu ya uhasibu anaweza kuketishwa mbele ya kompyuta na kupewa dakika 20. Aandike kiwango chake halisi: “Kifaransa cha mwanzo” ni sifa inayoheshimika kuliko ufasaha usiokuwapo.

Taarifa zisizohitajika

Wasifu mwingi bado hutaja dini, kabila, hali ya ndoa na idadi ya watoto. Mara nyingi taarifa hizo zimerithiwa kutoka kwenye faili la steshenari. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kubagua kwa misingi ya kabila, mahali mtu anakotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mingineyo, na kinga hiyo inamhusu pia mwombaji wa kazi. Kwa hiyo, mwombaji hana sababu ya kujaza mambo hayo isipokuwa pale tangazo linapotaka taarifa mahususi kwa sababu inayoeleweka.

Vivyo hivyo, namba ya kitambulisho cha Taifa, namba ya akaunti ya benki na sahihi havina kazi katika wasifu unaotumwa kwa watu wasiojulikana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka wajibu kwa wanaokusanya taarifa za watu, lakini mlinzi wa kwanza wa taarifa ni mwenyewe. Matapeli hutangaza kazi zisizokuwapo ili wapate taarifa hizo, au ili wadai “fedha ya fomu” na “fedha ya usaili”. Mwombaji anayeombwa fedha kabla ya kuajiriwa asitishe mawasiliano na alithibitishe tangazo kwa taasisi yenyewe.

Maombi ya utumishi wa umma

Nafasi nyingi za Serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Maombi hutumwa kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wake uitwao Ajira Portal. Matangazo yake kwa kawaida hutaka maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anuani na namba za simu za kuaminika, pamoja na majina ya wadhamini watatu. Hutaka pia nakala za vyeti vya taaluma zilizothibitishwa, cheti cha kuzaliwa na barua ya maombi iliyosainiwa, ambayo huweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza.

Mambo mawili huwaangusha waombaji wengi. La kwanza ni kuambatisha hati za matokeo badala ya vyeti vyenyewe, ilhali matangazo husema bayana kuwa hati hizo hazitakubaliwa. La pili ni majina kutofautiana: cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne kina mawili, na cha chuo kina herufi iliyobadilika. Mwanafunzi mwenye tofauti hizo aanze kuzishughulikia kisheria angali chuoni, kwa kuwa muda wa tangazo ni mfupi na hautamsubiri. Waliosoma nje ya nchi nao huhitaji vyeti vyao kutambuliwa kwanza na mamlaka husika, ikiwamo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwa ngazi ya shahada.

Wadhamini

Mdhamini ni mtu anayeweza kuzungumzia mwenendo na utendaji wa mwombaji: mhadhiri aliyemsimamia utafiti, msimamizi wake wa mafunzo kwa vitendo, au kiongozi wa taasisi alikojitolea. Baba, mjomba na shangazi hawafai, hata wakiwa na vyeo vikubwa.

Mwombaji amwombe ruhusa kila mdhamini kabla ya kuliandika jina lake, amtumie nakala ya wasifu na amjulishe kila anapoomba kazi. Mhadhiri anayefundisha wanafunzi mamia hawezi kumkumbuka kila mmoja. Akipigiwa simu na mwajiri na kuuliza “huyo ni nani?”, nafasi inaweza kupotea kwa swali hilo.

Lugha, urefu na sura

Wasifu uandikwe kwa lugha iliyotumika katika tangazo, isipokuwa pale tangazo linapoagiza vinginevyo. Kwa mwanafunzi, kurasa mbili zinatosha. Maandishi yawe ya aina moja, yenye ukubwa wa 11 au 12, vichwa vya sehemu viwe vyeusi zaidi na pambizo ziwe na nafasi. Picha, rangi nyingi, majedwali na mapambo hayahitajiki. Baadhi ya kampuni hutumia programu za kompyuta kuchuja maombi, na programu hizo huweza kushindwa kusoma maneno yaliyowekwa ndani ya picha au majedwali.

Faili lihifadhiwe kwa mfumo wa PDF ili mpangilio usivurugike, na lipewe jina la mwombaji badala ya “CV mpya ya mwisho 2”. Kisha lisomwe kwa sauti na mwandishi, halafu na mtu mwingine. Kosa la tahajia katika jina la chuo chake mwenyewe humfanya msomaji ajiulize mtu huyu atakuwaje na hesabu za kampuni.

Kuanza mapema

Wanafunzi wengi hukumbuka wasifu mwezi wa mwisho wa mwaka wa mwisho. Wakati huo tarehe zimesahaulika, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo amehamishwa kituo na barua ya utambulisho haionekani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kufungua daftari moja na kuandika humo kila shughuli anayoifanya, tarehe zake, jina na simu ya aliyemsimamia, akahifadhi na nakala za barua na vyeti mahali pasipopotea.

Daftari hilo humsaidia kwa namna nyingine pia. Likiwa bado tupu mwishoni mwa mwaka wa pili, mwanafunzi atakuwa ameonywa mapema, akiwa na likizo mbele yake za kutafuta nafasi ya kujitolea, kujifunza programu ya kompyuta au kugombea uongozi wa chama cha taaluma yake. Atakapoketi kuandika wasifu wake, atakuwa na ya kuandika, na hatalazimika kuazima maisha ya mtu mwingine kutoka kwenye kompyuta ya steshenari.